Ombi la Gichiaro

Msomaji mmoja wa Maua alinitumia ujumbe kwamba Gatakaa akithubutu kutoa zile funguo, yeye ataacha kununua gazeti hili. Pole sana, ndugu yangu. Kaa na hela zako, maana alizitoa.

Kwa aliyetukosa Jumamosi iliyopita, mambo yalikuwa hivi. Gatakaa binti Gitobu alikuwa kwenye gereji yake pale Gakoromone, mjini Meru, asubuhi ya mashindano. Gari lake la rali, namba saba, limeshaoshwa, limejazwa mafuta, linangoja kuteremka Karurumo tu, ambako kipenga kingepulizwa saa nane mchana. Mshindi wa siku hiyo angechukuliwa na timu kubwa na kupelekwa Afrika Kusini msimu mzima. Mara akatokea mzee asiyemjua, kofia ameishika kifuani, akasema, "Naitwa Gichovi. Mimi ni gichiaro chenu. Nimekuja kuomba hilo gari."

Mtu wa mbali anaweza kucheka hapo. Mtu wa Meru hacheki. Gichiaro ni udugu wa kiapo. Mababu wa koo mbili waliapishana zamani, na tangu siku hiyo hakuna kunyimana, hakuna kudanganyana. Akikuomba ndugu wa gichiaro, unatoa, na sababu huulizi. Ukimnyima au ukimwongopea, unajiitia laana wewe na kizazi chako. Hata waliookoka na kuimba kwaya kila Jumapili, wakifika hapo hukohoa na kutoa.

Na huyu Gatakaa hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Aliacha ualimu akaenda kuendesha pikapu za miraa, mwanamke wa kwanza kuonekana Laare na usukani wa namna hiyo, na wanaume wakaweka dau kwamba hatamaliza mwezi. Akazimaliza pikapu, akapanda malori ya Juba. Huko alipigiwa risasi kwenye taa za mbele, akaendelea na safari gizani. Aliporudi hakununua ploti kama wenzake. Alinunua injini, akajenga gari la rali kwa mikono yake na ya fundi wake, kipande kwa kipande. Majambazi wa njia ya Juba hakuwaogopa. Gichiaro alikiogopa.

Kwa hiyo alimwekea mzee funguo mkononi, akasema, "Chukua, mzee wangu."

Kijana wa bodaboda aliyemleta mzee, ambaye hata helmeti hakuivua, aliingia kwenye gari, mzee akakaa pembeni, na namba saba ikatoka getini ikiunguruma. Gatakaa akaegemea ukuta. Moyo ulimwuma kama aliyezika mtu.

Njoka, fundi wake, alitokea nyuma ya gereji na spana mkononi.

"Gari imeenda wapi?"

"Nimeombwa."

"Umeombwa? Gatakaa, hiyo si kiberiti unapea jirani! Ni nani alikuomba?"

"Gichiaro."

"Ati nini? Leo? Siku ya resi?" Njoka ni mtu wa Embu, na hasira yake huwa haina breki. "Umepea mzee hujui jina ya baba yake gari tumejenga miaka mitatu! Nyinyi watu wa Meru mko siriasi kweli?"

"Njoka, nyamaza. Huwezi kuelewa."

"Kweli siwezi." Akaitupa spana. "Na huyo dereva wake, mbona ameacha boda yake hapa? Mtu wa boda huacha kazi yake aende kuendesha rali?"

Gatakaa akainua kichwa. Hilo hakuwa ameliwaza.

Walizunguka nyuma ya magunia ya viazi. Pikipiki nyekundu ilikuwa imefichwa huko, imeegeshwa kwa haraka, bado ina joto. Kwenye tangi palikuwa na mkwaruzo mrefu, na kiti kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa kijani. Gatakaa aliufahamu uzi huo. Alikishona mwenyewe.

Pikipiki hiyo alimnunulia Bundi, mdogo wake wa pekee, ili aache kukaa sokoni Laare akitafuna miraa na kulalamika.

"Ni Bundi," alisema. "Aliyekuwa ndani ya helmeti ni Bundi."

"Basi ni wizi! Piga polisi."

"Sijaibiwa, Njoka. Nilitoa kwa mkono wangu. Panda."

"Nipande nini?"

"Panda!"

Msomaji, sitakupotezea wakati na mandhari ya njiani. Gatakaa aliikanyagia pikipiki mafuta kutoka Meru hadi Nkubu, Nkubu hadi Chuka, akipita malori kushoto na kulia, na Njoka nyuma yake akiomba kwa sauti kama aliye kanisani. Kichwani mwa dada mtu lilikuwa linazunguka swali moja tu. Bundi alipata wapi mzee wa gichiaro? Au alimpata mkora mmoja mwenye mvi, akamfundisha la kusema?

Jibu lilikuwa kando ya barabara, mbele kidogo ya Chuka. Lilikuwa limevaa koti refu na linatembea peke yake.

"Huyo hapo!" Njoka alipiga kelele. "Mkora mwenyewe!"

Gatakaa alifunga breki mbele ya Mzee Gichovi. Mzee hakukimbia. Alivua kofia, akaonekana amechoka, viatu vimejaa vumbi.

"Amenishusha," alisema. "Nilimuuliza yule kijana kama dada yake anajua gari linakopelekwa. Akasimama, akanifungulia mlango kama ninavyofungulia mbuzi."

"Mzee, usituchezee," Njoka alianza.

"Ngoja," Gatakaa akamkatiza. Alishuka kwenye pikipiki, akasimama karibu kabisa na mzee. "Mzee Gichovi, nakuuliza kwa gichiaro. Nani alikutuma kwangu?"

Mkora angejibu upesi. Angetaja jina lolote ajiokoe. Mzee huyu aliangalia barabara, akaangalia kofia yake.

"Usiniulize hiyo, mama. Tafadhali."

"Nimeshauliza."

"Ni mtu wa ukoo wako. Alikuja kwangu Karurumo akaniomba kwa gichiaro, vile mimi nilikuomba wewe. Na mimi pia nikiombwa sikatai. Sikuuliza ni ya nini."

"Ni Bundi?"

"Bundi alinibeba tu."

"Ni nani basi?"

Mzee aliirudisha kofia kichwani, akaivuta mpaka machoni.

"Ni Gitobu."

Gitobu ndiye baba yake. Wazee wa kanisa walipotaka afukuzwe kwenye ushirika kwa kuvaa suruali na kulala safarini na madereva wanaume, Gitobu, ambaye naye ni mzee wa kanisa hilo hilo, alisimama akasema atakayemgusa binti yake atamgusa yeye kwanza. Mama yake alipokufa, baba ndiye alibaki kumpigia simu kila jioni, kila nchi, kuuliza tu kama amekula. Watu wote duniani wangeweza kumgeuka. Huyu hakuwa kwenye hesabu.

"Unadanganya," alisema.

"Nani anadanganya gichiaro?" mzee alimjibu kwa upole.

Gatakaa alirudi kitini. Akawasha pikipiki.

"Panda, mzee."

"Sisi watatu?" Njoka aliuliza.

"Mshikaki. Panda nyuma yake umshike asianguke."

Waliingia Karurumo saa saba na nusu. Uwanja ulikuwa umejaa, moshi wa nyama choma umetanda, magari yamepangwa tayari, na mtangazaji anapayuka kwenye kipaza sauti. Namba saba ilikuwa ya tatu kwenye foleni. Jina la GATAKAA lililokuwa mlangoni lilikuwa limefunikwa kwa utepe mweusi, na juu ya utepe mtu ameandika BUNDI kwa chaki.

Ndani, nyuma ya usukani, alikuwa Bundi. Na kando yake, ramani mapajani, msoma njia wake Gatakaa mwenyewe, yaani navigeta, Wawira wa Runyenjes, rafiki yake wa tangu chuo cha ualimu.

Lo! Hata mimi ninayeandika niliguna hapo.

Gatakaa aligonga kioo kwa ngumi. Wawira akakishusha kidogo.

"Nilikuwa nikupigie simu," Wawira alisema.

"Lini? Nikishawasikia kwenye redio?"

"Baba yako alisema wewe ni mgonjwa. Alisema umekubali Bundi aingie."

"Na wewe ukaamini?"

Wawira alikunja ramani. "Gatakaa, Bundi ameniahidi kuwa akishinda, navigeta anaenda na yeye. Wewe ulikuwa umeniambia utaenda na navigeta wao mzungu."

"Nilikuambia ndivyo wanavyotaka wao! Nilikuambia nitawakatalia!"

Wawira akaishusha helmeti usoni, akatazama mbele. Bundi hata shingo hakuigeuza.

"Gatakaa."

Sauti hiyo aliijua. Gitobu alikuwa amesimama kando ya hema, amevaa suti yake ya kanisani, bakora mkononi. Alitembea hadi hapo polepole, kama aliyekuja kumpokea mgeni.

"Usifanye fujo mbele ya watu," alisema.

"Ungeniomba wewe mwenyewe, baba."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa! Gari ni langu!"

"Ndiyo maana sikukuomba." Gitobu alishusha sauti. "Wewe umeona dunia. Umeenda Juba, umeandikwa kwenye magazeti, watu wanakupigia makofi. Bundi ameona nini? Nikipita sokoni Laare vijana wananiuliza kama kwangu mwanamume ni yule msichana. Unajua ni uchungu gani huo kwa mzazi? Hii moja mwachie. Moja tu."

"Hajui hata njia! Atajiua huko chini!"

"Wawira anajua njia."

"Na Afrika Kusini?"

"Ataenda. Atakuwa mtu." Gitobu akamgusa bega. "Wewe utapata nyingine. Wewe hupata kila mara."

Gatakaa aliuondoa ule mkono begani. Hasira ilimpanda ikamtoa machozi, na alichukia kwamba yalitoka mbele ya watu. Lakini kichwa chake, ambacho kilimpitisha njia mbaya zaidi ya hiyo, hakikulala. Akamgeukia mzee.

"Mzee Gichovi. Baba yangu amekuomba, ukatoa. Wewe umeniomba, nikatoa. Sasa naomba mimi."

"Sema, mama."

"Nenda kwenye hilo gari. Muombe Bundi funguo kwa gichiaro, uniletee."

Waliokuwa karibu waligeuka. Hata mwenye kuchoma nyama aliacha kupepea. Mzee Gichovi aliweka kofia kifuani, akasogea mpaka kwenye kioo cha dereva.

"Bundi wa Gitobu. Mimi ni gichiaro chenu. Naomba hili gari."

Bundi aligeuka kwa mara ya kwanza. Jasho lilimtoka chini ya helmeti. Alimtazama mzee, akamtazama baba, akamtazama mzee tena. Unaweza kumwibia dada. Kumnyima gichiaro mbele ya uwanja mzima ni jambo jingine. Akashusha kioo, akazima injini. Mkono wake ukaanza kutoka dirishani na funguo.

"Usimpe!" Gitobu alifoka. "Gichovi, toka hapo! Ombi la huyu msichana si kitu. Huyu hana gichiaro na wewe. Si damu yangu."

Mzee Gichovi aligeuka taratibu.

"Umesema nini?"

"Nilimuoa mama yake akiwa na mimba ya mtu mwingine. Nikamlea tu. Si wa ukoo wetu, kwa hivyo hawezi kukuomba, na wewe hulazimiki."

"Gitobu," mzee alisema, "hayo unamwambia nani?"

"Nakuambia wewe."

"Mimi, gichiaro chako?"

Gitobu aliegemea bakora. "Wewe."

Msomaji, umeielewa? Gichiaro hadanganywi. Kama maneno hayo ni kweli, Gatakaa amekuwa mgeni nyumbani kwao tangu kuzaliwa. Kama ni uongo, Gitobu amejilaani mchana kweupe kwa ajili ya mashindano ya magari. Na mtu wa pekee aliyeweza kusema ni lipi kati ya hayo, mama yake Gatakaa, amelala kaburini kule Laare.

Bundi aliurudisha mkono ndani na kupandisha kioo.

Gatakaa aliweka mkono juu ya boneti ya gari lake. Njoka alimkimbilia, akamshika kiwiko. "Twende, Gata. Twende nyumbani. Gari tutajenga ingine."

"Ngoja kidogo," alisema.

Alijifuta uso kwa mkono wa jaketi. Alipozungumza tena, alizungumza kwa sauti ya mwalimu mbele ya darasa, kila mtu asikie.

"Mzee Gichovi, kama mimi si mtoto wa Gitobu, mimi na wewe tuna gichiaro?"

"Hatuna, mama."

"Na leo asubuhi, ulipokuja kwangu ukaniambia tuna gichiaro, ukachukua gari langu?"

Mzee alifikiri. Uso ukamwanguka. "Nilikuwa nimechukua mali ya mtu baki. Kwa jambo la uongo. Mungu anisamehe, sikujua."

"Na aliyekutuma alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua."

"Afande!" Gatakaa aliita.

Koplo Kivuti, aliyekuwa akilinda mstari wa kuanzia, alikuwa ameshasogea zamani. Askari gani huiacha hadithi kama hiyo impite? Alikuwa na kalamu tayari.

"Nimeibiwa gari," Gatakaa alisema. "Ni hilo."

"Madam, nimesikia yote," koplo alisema. "Lakini nikuambie ukweli. Mambo ya mzazi na mtoto mimi sishiki. Mzazi akichukua gari ya mtoto wake, nawatuma kwa chifu, mnakunywa chai, mnasameheana, na hiyo resi itakuwa imeisha kitambo. Lakini kama huyu si mzazi wako, huo ni wizi wa kudanganya mtu, na gari narudishia mwenyewe saa hii hii. Sasa, yeye amesema lake. Nataka lako. Huyu ni baba yako ama si baba yako?"

Gitobu alikuwa amesimama karibu sana. Hapo ndipo alipoona shimo alilojichimbia. Akasogeza mdomo, na kwa sauti ndogo ambayo hakuna mwingine aliyeisikia, si Njoka, si koplo, akasema, "Gatakaa. Mwanangu. Damu yangu."

Basi Gatakaa akajua. Ulikuwa uongo. Yeye ni damu ya Gitobu, ametoka kwake, na Gitobu alikuwa tayari kumdanganya gichiaro na kuibeba laana mpaka kaburini, mradi yeye asiliendeshe gari lake mwenyewe. Ilimuuma kuliko kama ingekuwa kweli. Angeambiwa na mtu baki kwamba yeye si wake, angelia siku mbili akaamka. Huyu alikuwa baba yake kabisa, na alifanya hivyo.

"Madam?" koplo aliuliza.

"Simjui huyu mzee," Gatakaa alisema. "Andika hivyo."

Njoka aliachia kiwiko chake. Mzee Gichovi akafumba macho. Gitobu alimtazama bintiye kama aliyepigwa kofi na mtoto mdogo.

Koplo aliandika, akafungua mlango wa namba saba, akamnyooshea Bundi kidole atoke. Bundi akatoka analia kwa hasira, akamtupia dada yake funguo miguuni. Gatakaa akaziokota. Alifikiri atakayetiwa pingu ni Bundi. Alishaweka moyo tayari kumwona Bundi amefungwa, maana Bundi ni kijana, angekaa ndani Jumapili moja na kutoka.

Lakini Koplo Kivuti alimpita Bundi. "Wewe ni wa kubeba tu," alimwambia. Akasonga mbele, akachomoa pingu mshipini, akaushika mkono wa Gitobu uliokuwa na bakora.

"Mzee, wewe ndiye ulituma. Twende."

Bakora ikaanguka vumbini. Wawira, ndani ya gari, akaivua helmeti na kumtazama Gatakaa, akingoja kuambiwa atoke au abaki. Na juu ya vichwa vyao wote, kipaza sauti kikaita gari namba saba lisogee mstarini.